Baraza la Upepo

Mama alipoiona karavani yetu kwa mara ya kwanza aliizunguka pande zote, akaigonga ubavuni kwa vidole kama anayechagua tikiti maji sokoni, akapanda kingazi, akatazama vitanda, jiko na choo, kisha akashuka. Akasimama pale mbele ya nyumba yetu, Leicester, Uingereza, akauliza: "Mwanangu, mbona nyumba yenyewe haina baraza? Mgeni akija atakaa wapi?"

Nikamwambia, Mama, hii nyumba ya safari, inakokotwa na gari, huko tuendako hatuna wa kututembelea. Hakubishana nami. Alisema tu, "Mgeni haji kwa barua," akaingia ndani kutafuta chai.

Neno lile lilinikaa. Karavani tulikuwa nayo tangu 2022. Kwa sheria ya zamani ya hapa, aliyefaulu udereva kuanzia Januari 1997 alitakiwa kufanya mtihani wa pili kabla ya kukokota trela zito. Tarehe 16 Desemba 2021 sharti lile likaondolewa, na miezi michache baadaye mimi na Baba Watoto tukaenda kuchukua karavani kuukuu ya vitanda vinne. Tuliipenda, na bado tunaipenda. Lakini mvua ikinyesha, na huku hunyesha, viatu hujaa mlangoni, makoti huchuruzika maji kwenye matandiko, na mtu mmoja akitaka kupita wengine wote sharti wakae. Chakula tulikuwa tunakula mlango umefungwa. Majirani tuliwaona dirishani. Jumapili tunarudi nyumbani mwili umepumzika, na kwa siku tatu hatujazungumza na mtu asiye wetu. Nilijua kuna kitu kinakosekana, ila jina lake sikuwa nalo mpaka Mama aliponipa.

Wiki iliyofuata tukanunua baraza.

Wenye karavani huku Ulaya wana hema maalumu linaloshikizwa ubavuni mwa karavani, upande wa mlango. Kwa karavani za Uingereza ni upande wa kushoto, ili anayeshuka ashukie pembeni mwa barabara. Hema hilo halina ukuta wa nyuma, maana karavani yenyewe ndiyo ukuta. Miaka yote lilisimamishwa kwa nguzo za chuma za kuchomekana, na yapo mengi ya namna hiyo hadi leo. Letu halina nguzo. Lina mirija mitatu ya hewa, minene kama paja la mtu mzima: ndani ni mpira wa plastiki laini, juu yake umevikwa ala ya kitambaa kigumu kisichovutika. Ukiijaza kwa pampu inakakamaa na kulibeba paa. Sisi nyumbani tukaliita baraza la upepo, na sioni jina lililo bora zaidi.

Bei yake si ya kubeza. Madogo ni paundi mia kadhaa, makubwa yanapita elfu. Letu tulilinunua kwa wazee wawili, mume na mke, waliokuwa wakiacha safari kwa sababu ya magoti. Upana ni sentimita 390, kina 250, na likikunjwa kwenye mfuko wake lina uzito wa kilo 20. Kabla ya kulipa tulipima kimo cha karavani kutoka chini hadi kwenye reli ya kushikizia, kwa sababu mengi ya mabaraza haya yameshonwa kwa karavani zenye reli kati ya sentimita 235 na 250. Yetu ilikuwa 242. Angekuwa mwenye karavani fupi zaidi, paa lingelegea na kuteka maji kama karai.

Na zile kilo 20 zina mahali pake. Karavani ina kikomo cha mzigo kilichoandikwa na mtengenezaji, na kwa nyingi ukishaweka gesi, maji, vyombo na nguo hubaki kidogo mno. Baraza lisikae nyuma kabisa, chini ya dirisha la mkiani, ingawa ndiko kwenye nafasi. Uzito wa nyuma huifanya karavani ianze kutikisa mkia barabarani, polepole kwanza, kisha kwa nguvu hadi inalivuta gari nayo. Letu hulala sakafuni juu ya ekseli, na mwendo wetu hauzidi maili 60 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria wa gari lenye karavani kwenye barabara kuu ambazo njia ya kwenda na ya kurudi zimetenganishwa.

Safari ya kwanza tulikwenda Hunstanton, Norfolk. Ukitoka Leicester unashika barabara ya A47, unapita Peterborough na Wisbech hadi King's Lynn, halafu unapanda na A149 bahari ikiwa kushoto kwako. Niliuchagua mji huo kwa ajili ya Mama. Uko pwani ya mashariki ya Uingereza lakini umeelekea magharibi, kwa kuwa bahari imeingia ndani na kufanya ghuba kubwa iitwayo The Wash. Kwetu Tanga jua hutoka baharini na kuzama nyuma ya milima ya Usambara. Nilitaka alione jua likizama majini, tena kutoka pwani ya mashariki. Na maji ya pale yakipwa yanakwenda mbali kabisa, mchanga unabaki na mistari na madimbwi. Mama alipouona ufuo ule umekauka alisema mara moja, "Hapa pana pweza." Pweza hakuwapo, lakini nilifurahi kwamba bahari ameitambua.

Kulisimamisha baraza siku ile kulituchukua saa nzima na robo. Matangazo husema dakika tano, na kweli pampu yenyewe ni dakika tano. Kazi iko kwingine.

Kwanza karavani iwe sawa. Tulitumia pimamaji, ile ile ya fundi mwashi, ikalazwa sakafuni mlangoni, tukaweka vibao chini ya gurudumu moja, ndipo tukateremsha miguu ya pembeni. Karavani ikiinama, baraza nalo huinama, zipu za milango zinakataa. Kisha reli. Pindo la juu la turubai limeshonewa uzi mnene kama kidole kidogo cha mtoto, na ubavuni mwa karavani, juu, kuna mfereji wa alumini wenye mdomo mwembamba. Uzi unaingizwa upande mmoja na kuvutwa hadi wa pili, kama utepe unavyopitishwa kwenye pindo la gauni. Mmoja anaulisha, mmoja anavuta. Hapa hewa haikusaidii lolote. Ni kazi ile ile ya wenye nguzo. Turubai likikunjika kidogo mdomoni mwa reli linakwama, na ukilazimisha linachanika. Siku hizi nafuta reli kwa kitambaa na kupulizia silikoni kidogo, na uzi unateleza. Siku ile sikujua. Baba Watoto alivuta mpaka viganja vikawa vyekundu.

Likiwa limening'inia kama pazia, nikachomeka pampu kwenye valvu, nikaanza kupampu. Watoto walishangilia mirija ilipoanza kuinuka. Na kweli ni jambo la kutazama: kitambaa kilicholala majanini kama nguo chafu kinajikunjua, kinanyoosha goti, kinasimama. Bahari ilikuwa mita mia tatu kutoka pale, na upepo ulikuwa ukitoka huko. Nilikuwa sijapiga kigingi hata kimoja.

Baraza lilipokuwa nusu limesimama upepo uliingia chini yake. Likainuka lote, mirija mitatu pamoja, likapanda juu ya paa la karavani na kulipiga, na upande wa mwisho uzi ukachomoka relini kwa kiasi cha nusu mita. Nililisikia: trrr, kama zipu inayofunguka yenyewe. Mimi mtoto wa Tanga, mji wenye jina la tanga la jahazi, nilitakiwa kujua kwamba kitambaa cha mita nne kikikutana na upepo wa bahari hicho ni tanga, na tanga halitwekwi kabla ya kamba kufungwa. Binti yangu mkubwa alining'inia kwenye kona moja. Ndipo jirani wa upande wa pili, mzee mwenye kofia ya sufu, akaja mbio na nyundo yake mkononi, hakusema neno, akapiga kigingi kwenye kona ya upande unakotoka upepo. Kimoja tu. Lile tanga likatulia.

Akatufundisha baadaye, kwa utulivu, kama anavyofundishwa mtu wa nyumbani. Kona ya upande wa upepo ifungwe kabla ya pampu kuguswa. Ukipampu, fungua milango miwili iliyokabiliana, upepo upite. Likisimama, ifungwe milango yote kwa zipu ndipo ufunge kona zilizobaki, maana ukizifunga milango ikiwa wazi utavuta pembe mbali mno na zipu hazitakutana tena. Kigingi kilazwe, kichwa chake kiegemee mbali na baraza, ili kamba ikivuta kizidi kujichimbia badala ya kung'oka. Na usikaze kamba mpaka zilie: nailoni huvutika ikilowa na kujibana ikikauka.

Presha ya mirija yetu ni psi 7, yaani paundi 7 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari linabeba 30 na zaidi, kwa hiyo 7 inaonekana kama kitu cha kuchezea. Lakini bonyeza mrija ule kwa kidole, ni mgumu kama ubao, kwa sababu ni mnene na ala yake haivutiki. Tena ukisukumwa na upepo unapinda, na upepo ukipita unarudi. Chuma kikishapinda kimepinda. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuchagua hewa, kuliko wepesi wa kusimamisha. Baba Watoto huwa kazini wikendi nyingi, naenda peke yangu na watoto, na sitaki kuamka usiku kunyoosha mabomba.

Asubuhi ya kwanza Mama aliamka alfajiri, akatoka barazani kuswali, akarudi kuniamsha. "Mama Watoto, baraza linaishiwa upepo." Nilitoka. Kweli, mirija ilikuwa imelegea; ukibonyeza inabonyea. Nikashika pampu, nikaitazama geji: karibu 6. Roho ikaniuma, nikajua tumeuziwa kitu kibovu.

Haikuwa pancha, na ningependa kila mwenye baraza la upepo ajue hesabu hii kabla hajawalaumu wauzaji. Geji husoma presha iliyozidi ile ya hewa ya kawaida inayotuzunguka, ambayo ni karibu psi 14.7. Kwa hiyo mrija wenye 7 ndani yake una 21.7. Tuliujaza alasiri, joto likiwa nyuzi 20. Usiku liliteremka hadi 9. Hewa ikipoa husinyaa, na kwa tofauti hiyo 21.7 inakuwa karibu 20.9, toa ile ya nje, geji inakuambia 6.2. Hewa ni ile ile, haijatoka hata kidogo. Hatari ni kinyume chake: ukiongeza alfajiri hadi ifike 7, kisha jua lipige kitambaa cheusi mpaka hewa ya ndani ifike nyuzi 40, mrija huo unapita 9. Ndiyo maana siku hizi sipampu asubuhi. Napima jioni, jua likishapoa, naongeza kidogo ikihitajika, na siku ya joto kali naachia pumzi mbili tatu.

Pancha yenyewe ilikuja Agosti. Mrija mmoja ulilegea asubuhi, na saa sita jua likiwa kichwani ukazidi kulegea. Huo ndio ugonjwa wa kweli: jua linatakiwa liukaze. Mirija yetu hujazwa kwa valvu moja lakini kati yake kuna vibano; ukivifunga kila mrija unajitegemea, kwa hiyo mmoja ukitoboka mingine inalibeba paa mpaka ufike nyumbani. Nyumbani tulifungua zipu ya ala, tukautoa mpira wa ndani, tukaupulizia upepo kidogo na kuutia kwenye bafu lililojaa maji.

Mama ndiye aliyefanya kazi. Mjomba wangu alikuwa fundi baiskeli Ngamiani, na Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo Mama alikulia kando ya karai la maji na kopo la solusheni. Akapiga magoti kando ya bafu, akakunja mikono ya gauni, akauzamisha mpira kipande kwa kipande akiukamua taratibu. Karibu na mkunjo wa juu vikatoka viputo, kimoja kimoja, vidogo kama mbegu za ufuta. "Huyo." Akaweka kidole juu yake wala hakukiondoa mpaka nilipoleta kalamu. Tulipakausha, tukapafuta kwa spiriti, tukabandika kiraka cha plastiki ya aina ile ile kwa gundi yake, tukakigandamiza chini ya kamusi nzito hadi kesho yake. Kiraka cha tairi hakifai hapo, plastiki hii haishiki gundi ya mpira. Na mpira ukirudishwa ndani ya ala usijisokote, ukijisokota unajikaba na upepo haupiti.

Sasa kuna jambo ambalo nisiposema nitakuwa sijaandika kitu. Kazi yangu ni uuguzi.

Jioni ya tatu pale Hunstanton tulikuwa tunachoma samaki nje, kwenye jiko dogo la mkaa. Mvua ikaanza. Mama akanyanyua jiko kwa vitambaa viwili, akaanza kuliingiza barazani. Nilipaza sauti kuliko ninavyopaswa kupaza kwa mzazi wangu. Akaniangalia kama aliyepigwa. Kwao jiko huingizwa ndani mvua ikinyesha, sote tumekulia hivyo, lakini jikoni kwao kuna nafasi chini ya bati na dirisha lisilo na kioo. Baraza la upepo ni kitambaa kilichopakwa plastiki, kimefungwa zipu, na pembeni kina pindo la kuzuia upepo usipite chini. Na mlango wake wa ndani ni mlango wa karavani walimolala watoto.

Mkaa unatoa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anapumua vizuri lakini damu yake haibebi kitu. Kichwa kinauma, moyo unachafuka, miguu inakuwa mizito. Aliye safarini anadhani ni uchovu au mafua, anajilaza apumzike. Na mkaa uliokwisha kupoa juu, wenye jivu jeupe, unaendelea kuitoa kwa saa nyingi. Wamekufa watu hapa Uingereza kwa kuingiza jiko lililoonekana limezimika, ili lisilowe au ili litie joto kidogo. Kwetu pia, kila msimu wa baridi, tunasikia ya familia iliyolala na jiko chumbani. Kuacha dirisha wazi hakutoshi. Jiko halivuki kizingiti, basi. Ndani tunaning'iniza king'ora cha gesi hiyo, kimoja karavanini na kimoja barazani, na nikiingia kwenye kambi mpya hukibonyeza kwanza kabla sijafungua sanduku la vyombo.

Mama alinuna usiku ule. Samaki waliloa, tukala hivyo hivyo. Kesho yake nilimweleza yote polepole, kama ninavyowaeleza wagonjwa, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kuhusu dada yake wa Lushoto anayelala na jiko Julai. Tukampigia simu palepale.

Kwa baridi tuna hita ndogo ya umeme. Kambi nyingi hutoa ampia 16, sawa na wati 3,680 hivi kwa kila kitu pamoja, na birika peke yake linaweza kula 3,000. Ukichemsha chai, hita inasubiri.

Mambo mengine nitayapita haraka. Matone utakayoyaona darini asubuhi si uvujaji, ni pumzi zenu na unyevu wa majani, kwa hiyo vile vidirisha vya juu viachwe wazi hata kukiwa na baridi. Mkeka wa chini uwe ule wa kupitisha hewa. Kambi nyingi zinalazimisha, na mchana unaukunja nyasi zipumue. Juu yake sisi tunatandika jamvi.

Upepo mkubwa ndio nisioufanyia mchezo. Nguvu ya upepo haipandi pamoja na kasi yake, inapanda kwa mraba: ukitoka maili 20 kwa saa hadi 40, msukumo ni mara nne. Mirija itapinda na kurudi, sawa, lakini vigingi havipindi, vinang'oka, na reli ya karavani ndiyo inayovutwa. Usiku wa tano utabiri ulisema mivumo itapita 45. Saa kumi na moja jioni, jua bado linawaka na watoto wakilalamika, tukaliteremsha. Unafungua valvu, linaugua, linalala, dakika kumi. Asubuhi upande wa pili wa kambi palikuwa na baraza la chuma lililopiga magoti. Tukaenda sote kuwasaidia wenyewe kukunja.

Mzee wa kofia ya sufu alikuja siku iliyofuata, letu likiwa limesimama tena. Vyama vikubwa vya karavani vya huku vinataka mita 6 kati ya karavani na karavani, na mita 3 zibaki wazi kati ya baraza lako na mali ya jirani, kwa ajili ya moto. Mita tatu ni umbali mzuri sana wa kuzungumza. Alikuwa ameinua mkono kila asubuhi, nasi tunainua. Siku ile alivuka. Akasimama mbele ya mlango wetu wa kitambaa, ambao haugongeki, akasema kwa mdomo: ngo, ngo, ngo.

Mama alikuwa jamvini anachambua mchele. Kiingereza chake ni salamu tu. Hakunitazama nimtafsirie, hakuinua hata kichwa. "Karibu!" akasema. Na mzee yule, ambaye Kiswahili hajakisikia maishani mwake, akavua viatu akaingia.

Alikaa hadi magharibi, ambayo Julai huko ni baada ya saa tatu usiku. Alikunywa chai ya tangawizi vikombe vitatu. Ndiye aliyetueleza kwamba mambo haya ya karavani za starehe yalianzishwa na daktari wa jeshi la majini, William Gordon Stables, aliyejengewa yake Bristol mwaka 1885, ikikokotwa na farasi wawili hadi Uskoti, na kwamba chama cha wenye karavani kiliundwa mwaka 1907. Nilimtafsiria Mama, nikamwongezea niliyoyasoma mwenyewe, kuwa Stables alipokuwa kijana alitumika kwenye manowari iliyofukuza majahazi ya watumwa pwani ya Msumbiji. Mama akafikiri. "Basi huyo baraza alikwisha kuliona," akasema, akammiminia mgeni kikombe cha nne.

Alirudi Tanga Septemba. Mwezi wa kumi tulikwenda mara ya mwisho kabla ya baridi, tukavunja kambi kwenye mvua, na baraza likarudi limelowa chapa. Haliwezi kukaa mfukoni hivyo. Siku mbili tu kuvu linaanza. Nyumba yetu haina uwanja wa kulianika, kwa hiyo tumelitandaza kwenye ngazi, kutoka juu hadi chini, madirisha wazi, na watoto wanapanda kulala wakilikwepa. Linanukia nyasi na chumvi nyumba nzima.

Jana Mama kapiga simu. Hakuuliza hali ya hewa, wala shule.

"Baraza limekauka?"

"Bado pindo, Mama."

"Ligeuze."